Kabla ya Kumuuzia Mama Tembe ya Maziwa

Mfugaji yeyote wa ngamia kati ya mji wa Isiolo na Merti anajua kwamba ngamia hakamuliwi kwa nguvu. Ndama huletwa kwanza, anyonye kidogo, ndipo maziwa yashuke, na mkamuaji ana dakika chache tu kabla hayajakatika. Ndama akifa, wapo wanaoiweka ngozi yake karibu na mama ili ainuse na akubali kukamuliwa. Ngamia akishtuliwa na mbwa au mgeni mwenye kelele, kiwele kitabaki kimejaa na kibuyu kitabaki kitupu. Maziwa yapo, ila ubongo haujayaruhusu yatoke.

Mji wa Isiolo una akina mama waliojenga biashara ya maziwa ya ngamia kutoka maboma ya mbali hadi Eastleigh, Nairobi, lakini elimu hiyo ya zizini haivuki kizingiti cha nyumba. Mzazi akisema maziwa hayatoki, watu watauliza amekula nini, au ni nani aliyemtupia jicho. Atapikiwa supu ya mbuzi, atakorogewa uji wa wimbi, atachemshiwa uwatu. Siku ya tatu mtoto ataonjeshwa maji ya sukari au samli. Kabla wiki haijaisha mtu atatumwa duka la dawa. Katika shughuli yote hiyo hakuna aliyeuliza mama huyu anatafuna nini, anameza nini, na vitu hivyo vikifika ubongoni vinafanya kazi gani.

Kunyonyesha kunaendeshwa na homoni mbili, zote zikitolewa na pituitari, tezi ndogo iliyoning'inia chini ya ubongo. Prolaktini huliamuru titi litengeneze maziwa. Oksitosini huvibana vifuko vidogo ndani ya titi ili maziwa yaliyokwisha kutengenezwa yapite kwenye mirija hadi chuchuni. Mama anaweza kuwa na prolaktini tele huku oksitosini imegoma, au kinyume chake, na kwa macho matatizo yote mawili yanafanana: mtoto analia na titi halitoi. Asiyeyatenganisha atatibu lisilokuwepo, na ndivyo tembe nyingi za maziwa zinavyouzwa.

Mwisho wa ujauzito prolaktini huwa imepanda kama mara kumi, kutoka chini ya nanogramu 25 katika mililita ya damu hadi karibu 200. Hata hivyo maziwa hayamiminiki, kwa sababu progesteroni inayotoka kwenye kondo la nyuma huyazuia. Kondo likitoka, progesteroni huporomoka, na kati ya siku ya pili na ya nne matiti hujaa. Kabla ya hapo kuna dang'a, matone machache mazito yanayotosha tumbo la mtoto wa siku moja. Malalamiko mengi ya siku ya pili kwamba maziwa hayajaja ni dang'a iliyo kazini, na dawa yake ni subira na kumweka mtoto kifuani mara kwa mara.

Kuna hali mbili ambazo muuguzi asizichukulie kuwa ni za subira. Kipande cha kondo kikibaki tumboni, progesteroni haishuki na maziwa hayaji. Na mama aliyevuja damu nyingi mno wakati wa kujifungua, kisha wiki ikapita bila tone, huenda pituitari yenyewe imekufa kwa kukosa damu. Daktari Harold Sheehan wa Liverpool aliueleza ugonjwa huo mwaka 1937 na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Katika kaunti ambayo mzazi anaweza kuanza kuvuja damu akiwa bado njiani kutoka Sericho au Garbatulla, titi lililokauka kabisa linaweza kuwa dalili ya kwanza. Supu haitamfaa mama huyo. Anahitaji homoni za hospitali, tena kwa maisha yake yote.

Hao ni wachache. Kwa walio wengi kiini cha mambo ni dopamini.

Homoni nyingi za pituitari hungoja amri kutoka haipothalamasi, sehemu ya ubongo iliyo juu yake. Prolaktini inakwenda kinyume. Pituitari iko tayari kuimwaga usiku na mchana, na haipothalamasi hushinda ikiizuia kwa kuteremsha dopamini kupitia vishipa vya damu vinavyoviunganisha viungo hivyo viwili. Dopamini ni breki iliyokanyagwa muda wote. Mtoto anaposhika chuchu, neva za kifuani hupeleka habari juu, dopamini inapungua, breki inalegea, na prolaktini inapanda. Mtoto akiachia, breki inarudi. Usiku prolaktini huwa juu kuliko mchana, ndiyo sababu mama anayelala chumba kingine na mtoto wake mchanga hupoteza muda ulio bora zaidi wa kunyonyesha.

Ukilishika hilo moja umeshika sehemu kubwa ya elimu ya dawa kuhusu maziwa. Kinachoongeza dopamini, au kinachojifanya dopamini, hukaza breki. Kinachoziba milango ambayo dopamini huingilia huilegeza.

Uthibitisho kwamba breki hii ina nguvu ya kweli umekaa kwenye kabati za hospitali. Mama aliyefiwa na mtoto wakati wa kuzaliwa, ambaye matiti yanajaa bila wa kuyanyonya, anaweza kupewa kabagolini, miligramu 1 mara moja tu, na maziwa yasije. Dawa hiyo hujifanya dopamini mbele ya pituitari. Kabla yake ilitumika bromokriptini, iliyofanya kazi kwa njia hiyohiyo. Huko Marekani walipewa wanawake wengi mno, wakiwemo waliokuwa hawataki tu kunyonyesha, mpaka zikaja taarifa za kiharusi na degedege kwa akina mama vijana, na mwaka 1994 mtengenezaji akaacha kuiuza kwa kazi hiyo. Kwa hiyo hatubahatishi tunaposema kwamba dopamini ikikazwa titi hunyamaza. Dunia imewahi kuifanya hiyo kuwa tiba.

Tuje sasa kwenye kitu kinachokaza dopamini ambacho Isiolo hakihitaji cheti cha daktari. Miraa hukatwa asubuhi katika milima ya Nyambene, pande za Maua na Laare, hufungwa bunda kwa bunda ndani ya majani ya mgomba, na kupakiwa kwenye magari yanayokimbizwa kana kwamba yamebeba mgonjwa. Haraka hiyo ina sababu ya kikemia. Jani bichi lina kathinoni, iliyotambuliwa na maabara ya Umoja wa Mataifa mwaka 1975, na jani likinyauka kathinoni hugeuka kuwa kathini, ndugu yake aliye dhaifu. Mtafunaji anayelalamika kwamba mzigo wa jana hauna stimu anaeleza badiliko hilo bila kulijua jina lake.

Kathinoni ni jamaa wa karibu wa amfetamini. Ikifika ubongoni huzikamua neva zitoe dopamini na noradrenalini zilizokuwa zimewekwa akiba. Dopamini ndiyo inayoleta handasi, zile saa za mazungumzo matamu na mipango mikubwa ambayo asubuhi haikumbukwi. Noradrenalini huufanya moyo upige mbio, hukausha mdomo, hufukuza usingizi na njaa. Ni haki kukumbusha kwamba dopamini ya raha na dopamini inayoizuia prolaktini hupita kwenye njia mbili tofauti za ubongo, na mtu asirukie kusema kwamba kila stimu ni titi kavu. Lakini dawa iliyomezwa haichagui njia, na matokeo ya maabara yanaelekea upande mmoja.

Mwaka 2006 watafiti wa Kenya, wakiwemo wa Taasisi ya Utafiti wa Nyani iliyoko Karen, walichapisha matokeo ya nyani waliopewa miraa: prolaktini yao ilishuka. Nyani si mama anayenyonyesha, sawa. Mapema miaka ya 1980 kulikuwa na jaribio lililowahusu wazazi wenyewe, siku ya pili au ya tatu baada ya kujifungua, waliodungwa amfetamini kwenye mshipa. Waliopata miligramu 15 prolaktini yao ilishuka kwa asilimia 30 hadi 37. Na mwaka 1987 ilichapishwa taarifa ya akina mama watafunaji wa Yemen ambao maziwa yao yalipopimwa yalikutwa na kathini; ilipatikana pia kwenye mkojo wa mtoto mchanga aliyenyonya. Dawa basi inafika kwenye pituitari ya mama, inafika kwenye maziwa, na inafika kwa mtoto.

Hapo kwenye kathini pana jambo ambalo wauza dawa wangepaswa kulibandika ukutani. Jina lake la maabara ni nosudoefedrini. Ndugu yake wa damu ni sudoefedrini, iliyomo katika dawa nyingi za mafua za kuzibua pua, ambazo katika mji huu wenye vumbi hununuliwa bila maswali. Mwaka 2003 watafiti wa Australia Magharibi waliwapa akina mama 8 wanaonyonyesha kipimo kimoja tu cha miligramu 60, yaani kidonge cha kawaida. Katika saa 24 maziwa yalipungua kwa wastani wa asilimia 24. Kidonge kimoja cha mafua kiliondoa karibu robo ya maziwa ya siku.

Kilichonivutia zaidi katika utafiti huo ni kwamba prolaktini ilipungua kidogo tu, isilingane na maziwa yaliyopotea. Kwa maana nyingine, vitu vya jamii hii vina njia zaidi ya moja ya kulifikia titi, na mtu anayeitegemea prolaktini peke yake kueleza kila kitu atakwama. Ndiyo maana sipendi sentensi ya mkato inayosikika kwenye semina, kwamba miraa hushusha prolaktini na hivyo hukausha maziwa. Huenda ni kweli kwa sehemu. Sehemu nyingine iko kwa homoni ya pili.

Oksitosini haina breki ya dopamini ya namna ile, lakini inauogopa woga. Mwaka 1948 Michael Newton na mkewe Niles Newton, huko Marekani, walichapisha jaribio ambalo leo kamati ya maadili ingelikataa. Mama anayenyonyesha alisumbuliwa kwa makusudi wakati mtoto wake yuko titini: miguu kwenye maji ya barafu, vidole vya miguu kuvutwa hadi viume, hesabu za kichwani huku akiadhibiwa kwa mshtuko wa umeme akikosea. Alipokuwa ametulia mtoto alipata gramu 168 za maziwa. Aliposumbuliwa alipata 99. Aliposumbuliwa vilevile lakini akadungwa oksitosini, mtoto alipata 153. Titi lilikuwa na maziwa yote muda wote huo. Kilichokosekana ni ruhusa, na adrenalini ndiyo iliyoinyima.

Mama aliyetafuna ana hali hiyohiyo ya mwili bila kuchovya mguu popote. Moyo unakwenda mbio, mishipa ya damu imebana, macho makavu saa nane za usiku. Mtoto anavuta, anakasirika, anaachia. Bibi aliye chumba cha pili anasema, "Si nilikwambia huna maziwa?" na sentensi hiyo nayo ni adrenalini. Ukitaka kujua kwa nini arobaini ina thamani, usiangalie supu peke yake. Angalia kwamba kwa siku arobaini mzazi hatakiwi kupokea wageni wasumbufu, hatafuti maji, hagombezwi. Watu wazima wa zamani walikuwa wakiilinda oksitosini.

Pombe inafundisha tofauti ya homoni hizi kuliko kitu chochote. Imani kwamba pombe ya nafaka huongeza maziwa iko Ulaya na iko Afrika, na wanaoiamini si wajinga: mama akinywa, matiti huhisi yamejaa. Julie Mennella na wenzake wa Philadelphia walipima homoni za akina mama waliokunywa kiasi kidogo, wakachapisha matokeo mwaka 2005. Prolaktini ilipanda sana. Oksitosini ilishuka kwa wastani wa asilimia 78. Kwa hiyo titi hujaa kwa sababu halitoi, na kazi za awali za Mennella zilikwisha kuonyesha kwamba mtoto hupata maziwa pungufu mama anapokuwa amekunywa, japo hunyonya kwa bidii. Tumbaku na ugoro, ambavyo kina mama wengi wa Kiturkana na Kisamburu hutafuna tangu usichana, viko upande wa homoni ya kwanza: nikotini hushusha prolaktini, hupita kwenye maziwa, na humkatizia mtoto usingizi.

Baada ya yote hayo, sikiliza mazungumzo ambayo yeyote aliyekaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa ameyasikia.

"Daktari, nipe ile ya kuleta maziwa."

"Ni yako, mama?"

"Ya binti yangu. Amejifungua wiki iliyopita, mtoto analia usiku kucha."

"Hii hapa. Kutwa mara tatu, baada ya chakula."

Dakika moja haijaisha. "Ile" huwa ni moja kati ya dawa mbili za kichefuchefu, metoklopramidi ambayo wengi wanaijua kwa jina la Plasil, au domperidoni, maarufu kama Motilium. Zote mbili huziba milango ya dopamini. Tumboni hilo hutuliza kutapika, kwenye pituitari hulegeza breki na prolaktini hupanda. Hazikubuniwa kwa ajili ya maziwa. Athari hiyo iligunduliwa kwa kuwa watu walioandikiwa kwa sababu nyingine, wengine wakiwa hata si wazazi, waliona matiti yakitoa maziwa.

Je, zinafanya kazi? Domperidoni inafanya, kwa kiasi. Kwa akina mama wa watoto njiti wanaokamua kwa mashine, tafiti zikijumlishwa pamoja huonyesha nyongeza ya karibu mililita 90 kwa siku. Kwa mtoto njiti wa kilo moja na nusu hiyo ni riziki kubwa, na daktari wa wodi ana haki ya kuizingatia. Kwa mtoto wa wiki moja aliyezaliwa na kilo tatu, ambaye tatizo lake ni kwamba amelishikilia titi vibaya, ni fedha iliyotupwa. Na hatari zipo. Metoklopramidi huingia ubongoni na inaweza kuleta huzuni nzito kwa mama ambaye tayari yuko kwenye wiki za hatari ya huzuni, au mikakamao ya shingo na taya. Domperidoni inaweza kuvuruga mapigo ya moyo: mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya mwaka 2004 isitumiwe kuongeza maziwa, na ile ya Ulaya mwaka 2014 ikabana matumizi yake yawe ya kichefuchefu na kutapika tu, kwa kipimo kidogo na kwa siku zisizozidi wiki moja kwa kawaida. Hatari hiyo huongezeka mgonjwa akiwa anameza pia erithromisini au flukonazoli, na hizi mbili huandikwa kila siku kwa matiti yaliyovimba na fangasi za chuchu.

Sasa mchukue mama anayemeza tembe hiyo, umwongezee miraa. Anameza tembe inayolegeza breki, na jioni anatafuna kitu kinachoikanyaga. Anameza tembe inayogusa mpigo wa moyo, na anatafuna kitu kinachoukimbiza moyo na kupandisha presha. Maziwa yakikosa kuongezeka, dada wa jirani atashauri aongeze tembe. Kosa la muuzaji halikuwa kuuza. Alikosa kuuliza maneno mawili tu: "Anatafuna miraa?"

Najua kwa nini hayaulizwi. Mwanamume wa Isiolo hutafuna barazani, mwanamke mtafunaji hutafuna ndani, na mzazi aliye kwenye arobaini hawezi kukubali mbele ya mama mkwe kwamba ametafuna. Nesi akiuliza huku amekunja uso atajibiwa hapana, na jibu hilo litaandikwa kwenye kijitabu cha mama na mtoto kana kwamba ni kweli. Njia iliyo bora ni kuuliza akiwa peke yake, na kuuliza kama anayejua maisha: usiku unakeshaje? Unatumia chai, soda, miraa, muguka? Mara ya mwisho ilikuwa lini? Mtu anayeulizwa lini hujibu kwa urahisi kuliko anayeulizwa kama.

Halafu kuna wanawake ambao hawatafuni hata kidogo, ila wanauza, na hao ni wengi. Biashara ya miraa ya rejareja katika mji huu iko mikononi mwa wanawake kwa kiasi kikubwa, na ndiyo inayolipa karo na kodi ya nyumba. Mzigo hushuka mchana, wateja hujaa alasiri, na mauzo huendelea hadi usiku. Muuzaji aliyejifungua miezi miwili iliyopita anamwacha mtoto na mdogo wake Bulapesa au Kambi Garba, anakaa kibandani saa sita au saba, matiti yanajaa, yanauma, yanalowesha deraa, kisha yanaacha.

Kuacha huko nako ni kazi ya kemikali tunayoijua zaidi kwa mambo ya ubongo. Kuanzia mwaka 2004 Nelson Horseman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cincinnati walionyesha kwamba titi lenyewe hutengeneza serotonini. Maziwa yakikaa bila kutolewa, serotonini hujikusanya ndani ya titi na kuziambia seli zake zipunguze uzalishaji. Hakuna tembe ya dopamini inayoweza kushindana na amri hiyo, kwa sababu imetolewa papo hapo, chini ya ngozi, bila kupitia kwa pituitari. Nikimlinganisha mama anayetafuna kidogo usiku lakini yuko na mtoto siku nzima, na mwenzake asiyetafuna kabisa lakini hutenganishwa na mtoto saa saba kila siku, ningehofia zaidi maziwa ya huyu wa pili. Mashirika ya afya yangemfaa zaidi kwa kumshawishi mdogo wake amlete mtoto kibandani mara mbili kwa alasiri kuliko kwa mabango ya kulaani miraa.

Hilo linanipeleka kwenye siasa, kwa kifupi. Mwezi Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipotangaza kuzuia muguka, aina ya miraa, na Rais akasema marufuku hayo hayana nguvu kisheria, kelele zote zilikuwa juu ya vijana na juu ya mapato ya wakulima wake wa Embu. Wazazi hawakutajwa. Kenya ina sheria kali ya mwaka 2012 inayodhibiti matangazo ya maziwa ya kopo, na utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 60 ya watoto walio chini ya miezi sita wakinyonya maziwa ya mama pekee, takriban sawa na asilimia 61 ya mwaka 2014. Tumekwama hapo kwa miaka minane. Baadhi ya kinachotukwamisha hakiwezi kufikiwa na sheria ya kopo.

Kundi la mwisho linahitaji tahadhari ya namna nyingine, kwa kuwa makosa huenda upande wa pili. Mama anayetibiwa maradhi ya akili akisikia kwamba dawa za ubongo hugusa maziwa anaweza kuziacha usiku huohuo. Asiziache. Haloperidoli na klopromazini, zinazotumika kwa walioshikwa na wazimu wa baada ya kujifungua, huziba dopamini kama zile za kichefuchefu na hupandisha prolaktini. Swali la dawa hizo ni usingizi wa mtoto na usalama wa wote wawili. Dawa za huzuni zinazoinua serotonini zinaweza kuchelewesha maziwa kujaa: watafiti wa Cincinnati waliripoti mwaka 2010 kwamba kwa waliokuwa wakizimeza maziwa yalijaa baada ya saa 86 hivi, na kwa wengine baada ya saa 69. Ni tofauti ya saa 17. Mama akiambiwa mapema atazivumilia, asipoambiwa atafungua kopo. Setralini hupita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana, na huzuni isiyotibiwa huharibu unyonyeshaji na mengine mengi kuliko tembe hiyo.

Kwa mtafunaji, ushauri ninaoutoa ni wa saa. Nusu ya kathinoni huondoka kwenye damu kwa muda wa saa moja na nusu hivi, lakini kathini huchukua kama saa tano kupungua kwa nusu, kwa hiyo aliyemaliza kutafuna saa nne za usiku bado ana robo ya kathini yake saa mbili asubuhi. Kunyonyesha kabla ya kuanza ni bora kuliko katikati, lakini hakumalizi tatizo, na hakusaidii chochote kwa upande wa prolaktini. Wiki sita za mwanzo, wakati titi linajipangia kiwango chake cha kazi, ndizo ninazoomba ziachwe bila jani kabisa, na bila vidonge vya mafua vya kuzibua pua. Matone ya maji ya chumvi yanatosha. Anayeshindwa kuacha apunguze, alale, ale kabla ya kuanza kwa sababu baadaye njaa haitakuja, na aendelee kunyonyesha, kwani kwa mtoto wa Isiolo maji yasiyo safi yaliyochanganywa na unga wa kopo ni hatari iliyo karibu zaidi.

Muuguzi naye atazame namna mtoto anavyoshika titi, ahesabu nepi zilizolowa kwa siku, ampime uzito na kumrudisha baada ya wiki moja. Uzito ukiwa haujapanda, na titi linanyonywa sawasawa usiku na mchana, na jani limewekwa kando, hapo ndipo domperidoni iingie kwenye mazungumzo, baada ya daktari kuusikiliza moyo wa mama na kusoma orodha ya dawa nyingine anazomeza.